Kijinembo cha kwenye kichupo: kina faida au ni pambo?

SWALI: Tovuti nyingine zina kijinembo pembeni ya jina lao kwenye kichupo cha kivinjari na kwenye orodha ya alamisho. Yangu inaonyesha duara la kijivu tu. Nakiwekaje? Na kweli kinaleta wateja?

JIBU: Mteja mpya kabisa hakimleti. Kazi yake ni kumrudisha aliyekwisha kufika. Jaribu mwenyewe: fungua vichupo 20 kwa mpigo. Majina yote yanakatwa, zinabaki picha. Mtu aliyeuacha ukurasa wako wazi tangu asubuhi hausomi tena, anautafuta kwa jicho, na duara la kijivu halimwambii kitu.

Kilianza na Internet Explorer 5, kivinjari cha Microsoft, mwaka 1999, kwa ajili ya kurasa zilizohifadhiwa. Kivinjari hicho kiliziita Favorites, ndiyo maana faili lake likaitwa favicon.ico (kifupi cha favorite icon). Enzi hizo kivinjari kililiomba pale tu mtu alipohifadhi ukurasa, hivyo wenye tovuti walihesabu maombi kwenye kumbukumbu za seva (kompyuta inayotunza tovuti) wakajua takriban wangapi wamehifadhi kurasa zao. Siku hizi vivinjari huliomba vyenyewe, kwa hiyo anayekuuzia takwimu za namna hiyo mkwepe. Thamani ya sasa iko kwingine: Google nayo hukionyesha kando ya jina la tovuti kwenye matokeo ya utafutaji.

Kosa ninalokutana nalo kila mara ni kubana nembo nzima humo. Pikseli 16 kwa 16 ni vidoa 256 tu. Jina la kampuni likiingia hapo linakuwa ukungu. Chukua herufi moja au umbo moja, rangi mbili zinatosha. Kisha litazame kwenye kivinjari chenye mandhari meusi. Herufi ya buluu iliyokolea isiyo na usuli hupotea kabisa.

Kuliweka ni dakika chache. Tengeneza picha ya mraba (Google hupendelea izidi pikseli 48), ihifadhi kama favicon.ico kwenye folda kuu ya tovuti, kisha ndani ya head (sehemu ya juu ya msimbo wa HTML wa ukurasa) ongeza:

<link rel="icon" href="/favicon.ico">

Kwa wanaoibandika tovuti kwenye skrini ya iPhone, ongeza picha ya PNG ya pikseli 180 kwa 180, kwa mstari wa link kama huo wenye rel="apple-touch-icon".

Ukiona kijinembo cha zamani bado kimeng'ang'ania, usianze kubomoa msimbo wa tovuti. Ni kache ya kivinjari (nakala kilizojiwekea ili kisipakue upya), na kache ya vijinembo ni kaidi kuliko zote. Kwenye ule mstari wa rel="icon" andika favicon.ico?v=2 badala ya favicon.ico, upakie ukurasa upya.