Yankees wa 1927 dhidi ya timu ya 1968: takwimu hurekebishwa kwanza

Ndugu, umeuliza kama kwenye ligi za kuigiza za besiboli, yaani michezo inayokutanisha timu za zama tofauti kwa takwimu zao, takwimu za Yankees wa 1927 (timu ya New York) huingizwa kavukavu dhidi ya timu ya 1968. Hapana, kwenye zilizotengenezwa vizuri haziingizwi hivyo. Kila mchezaji hupimwa kwanza kwa wastani wa ligi yake mwaka ule, ndipo akutanishwe na wa zama nyingine. Mchukue mpigaji Bill Terry: mwaka 1930 alipiga .401 (yaani mipigo 401 iliyofanikiwa kwa kila zamu 1000 za kupiga), lakini Ligi ya Taifa nzima, moja ya ligi kuu mbili za besiboli pamoja na Ligi ya Marekani, mwaka huo ilipiga .303! Mwaka 1968 Carl Yastrzemski aliongoza Ligi ya Marekani kwa .301 tu. Warushaji walitawala mno, hadi 1969 kilima wanachosimama wakirusha mpira kikashushwa kutoka inchi 15 hadi 10. Ukiziacha namba zilivyo, wapigaji wa 1930 watamwonea kila mtu.

Nimeicheza Strat-O-Matic ya kadi, mchezo wa mezani wa kuigiza besiboli. Unarusha dadu tatu: ya kwanza ikitoa 1 hadi 3 unasoma kadi ya mpigaji, 4 hadi 6 unasoma ya mrushaji, kisha jumla ya mbili zilizobaki inakupa tokeo. Yaani mrushaji naye ana nusu ya usemi.

Ila kuna jambo ambalo hesabu hailigusi, na linaniuma. Yankees wale walicheza katika ligi kuu zilizowafungia nje wachezaji weusi, hadi Jackie Robinson, mchezaji mweusi, alipoingia 1947. Mrushaji mweusi kama Satchel Paige hakuruhusiwa kumkabili Babe Ruth, mpigaji nyota wa Yankees hao, kwenye ligi hizo.