Diski mpya, usukani bado unatetemeka: kaangalie habu

Mkuu, umeuliza kwa nini Noah yako iliyofungwa diski mpya za breki za mbele imerudia kutetemesha usukani baada ya miezi mitatu, hasa ukishuka Marangu kwenda Himo. Kabla hujamlaumu muuza spea, vua diski uangalie habu, kile kitako ambacho diski na tairi vinakalia.

Kutu ya habu, hata ikiwa nyembamba kama karatasi, inaikalisha diski upande. Kwa Toyota nyingi diski haitakiwi kuyumba zaidi ya milimita 0.05. Ikizidi, kila mzunguko inaparuza pedi palepale hata hujakanyaga breki. Taratibu inalika, inakuwa nene huku, nyembamba kule. Ndiyo maana siku ya kwanza gari linatulia na fundi anasifiwa.

Fungua boliti mbili za breketi, chuma kinachoshika kalipa (kibanio cha pedi), mara nyingi ni spana 17. Kalipa ifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira wake wa mafuta ya breki. Diski ikigoma usiipige nyundo: ina matundu mawili yenye nyuzi, ingiza boliti za M8 (kipenyo milimita 8) ukaze kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu kule. Itaachia yenyewe.

Sasa habu. Brashi ya waya, kisha msasa, mpaka chuma king'ae. Kile kipete cha kutu kwenye mzizi wa kila stadi (boliti ya habu inayoshika tairi) ndicho mafundi wengi wanakiruka, na ndicho kinachokutesa. Diski mpya ioshe mafuta ya kiwandani kwa sabuni na maji ya moto, ikauke, uibane kwa nati za tairi, uipime kwa dayo geji, kipimo cha mshale kinachoonyesha diski inayumba kiasi gani. Inayumba? Isogeze tundu moja, pima tena.

Diski ulizonazo sasa zinaweza kukerezwa kama unene utabaki juu ya MIN TH (unene wa chini kabisa unaoruhusiwa) iliyogongwa kwenye diski, ila bila kusafisha habu ni hela ya bure.

Pini za kalipa zinataka grisi ya silikoni. Ya bearingi inavimbisha mpira na pini inakwama. Nati za tairi kaza kwa msalaba, kama Nm 100 (kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa mkono. Mashine ya upepo isimalizie. Pampu pedali mpaka iwe ngumu kabla gari halijasogea.

Pedi mpya zizoeshe sehemu tambarare isiyo na magari, mfano njia ya TPC, kiwanda cha sukari cha Moshi: toka mwendo wa 60 hadi 20, mara nane hivi, bila kusimama kabisa. Mteremko wa Marangu baadaye, tena kwa gia 2 au L.