Kumshukuru Mungu hakufuti madai yako

SWALI: Wakili, habari za kazi. Mwezi wa tatu basi nililopanda lilipinduka. Abiria wawili walifariki, mimi nikavunjika paja na kuwekewa chuma. Mwenye basi alikuja wodini, akalipa bili, akaniachia shilingi 300,000. Leo natembelea magongo na kibanda changu cha mama lishe nimekifunga. Nikitaja fidia, nyumbani wananiambia nimshukuru Mungu, wenzangu wako kaburini. Juzi kondakta ameleta karatasi nisaini. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana, dada. Karatasi hiyo usisaini.

Sijaiona, ila za namna hiyo nimeletewa nyingi. Ya mwisho ilikuwa ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule, ina mistari minne ya kalamu ya bluu na dole gumba la mama mmoja aliyekuwa bado kitandani: “Nimepokea pesa ya matibabu na sina madai tena.” Yale maneno manne ya mwisho ndiyo yanayotafutwa. Ukishayatia saini, kuyatengua mahakamani ni kazi ngumu mno.

Sasa hilo la shukrani, maana linaniumiza kila wiki. Umepona, mshukuru Mungu asubuhi na jioni. Mwenye basi naye alikuja kukujulia hali, mshukuru. Lakini fidia haidaiwi kwa Mungu, na kuidai si kumtukana aliyekusaidia. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakataza gari kuingia barabarani bila bima ya kuwalinda watu wengine, hii tunayoiita bima ndogo. Kwa basi la abiria, ulinzi huo unamhusu na abiria aliyepanda. Ada yake imelipwa kwa ajili ya siku kama ile. Ukinyamaza kwa kuona haya, marehemu hawafaidiki chochote. Anayefaidika ni kampuni ya bima, maana pesa inabaki kwake. Bili alizolipa mwenye basi zitahesabiwa kuwa zimelipwa, basi. Hazifuti paja lako wala miezi uliyokaa bila kuuza hata sahani moja ya wali.

Wengine hudhani dereva akipigwa faini mambo yameisha. Faini inaingia serikalini, majeruhi hapati hata senti. Faida yako ni kwamba hukumu ile inaweza kukusaidia kama ushahidi.

Muda bado unao: sheria ya ukomo inakupa miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi ya aina hii. Lakini usingoje hadi risiti zifutike wino. Gharama ulizotoa mfukoni, yaani dawa, nauli za kliniki na magongo, mahakama inataka zithibitishwe moja moja. Maumivu na ulemavu hakimu huyapima mwenyewe, akiongozwa na ripoti ya daktari.

Na hapa nawaonya wote wenye majeruhi wodini. Vishoka wanazunguka humo na begi na maneno matamu, wanajiita “watu wa bima”. Wanachukua PF3 halisi, yaani fomu ya polisi ya majeruhi, na risiti, wanawasainisha watu wasiojiweza, wanaahidi mamilioni. Wengine wanamshauri mgonjwa aongeze ulemavu asionao. Uongo ule ukigundulika, hata jeraha la kweli halisadikiki tena, na majeruhi wa kesho anatazamwa kama tapeli. Wakili wa kweli ana leseni ya kazi, mwombe akuonyeshe. Nakala za karatasi zako mpe yeyote anayehusika, halisi zibaki kwako.

Wewe dada, nenda kituo cha polisi kilichopima ajali uombe ripoti yao. Kisha mwombe daktari aandike mguu umebaki na ulemavu kiasi gani. Namba ya basi iko kwenye tiketi yako: iingize kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), hata kwa simu, utaona kampuni iliyolikatia bima. Barua ya madai inaanzia hapo.