Mwalimu, samaki wangu amepauka

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwaka jana niliwanunulia wanangu samaki wa dhahabu watatu. Mmoja alikuwa na rangi ya chungwa iliyokolea, anang'aa hadi wageni wanauliza bei. Sasa tumbo limepauka na mkia umekuwa mweupe kabisa, lakini anakula na anacheza kama kawaida. Mume wangu anasema dada wa kazi amemwaga sabuni kwenye tangi. Na wa pili ametoka madoa meusi mgongoni na kwenye ncha za mapezi, kama wiki tatu tangu tuweke filta mpya. Tuwatupe? – Mama wa watoto wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya yote, dada wa kazi aombwe radhi. Sabuni ingewaua wote watatu kwa siku moja. Isingechagua mkia wa mmoja ikaufua.

Huyo aliyepauka hana ugonjwa. Rangi ya samaki imo kwenye ngozi, ndani ya seli ndogo ndogo: zipo zinazobeba weusi, zipo zinazobeba manjano na wekundu, na zipo zisizo na rangi bali humeta tu kama bati jipya. Seli hizo huzaliwa na hufa. Zile za wekundu zikiisha mahali, panabaki weupe na mng'ao. Wengi wa samaki hawa wamezaliwa na mpango huo tayari, kama baba anayeanza mvi akiwa na miaka ishirini na tano.

Mimi hawa nawafuga uani, hapa Tanga, ndani ya nusu ya tangi la maji la plastiki lililopasuka. Wakizaa (na usipoyaondoa mayai mapema, wazazi wenyewe huyala bila haya), vifaranga hutoka na rangi ya tope. Hiyo ndiyo rangi ya asili ya ukoo wao. Wachina ndio waliowachagua wale wachache waliotoka na rangi ya dhahabu na kuwafuga kwenye mabwawa, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Vifaranga wangu wakifikisha miezi mitatu hivi, tumbo huanza kung'aa, na weusi hurudi juu kidogo kidogo kuelekea mgongoni kama maji yanavyokupwa. Nina mmoja ambaye bahari yake haikupwa hadi leo. Wajukuu wanamwita Tope, na ndiye mwenye afya kuwashinda wote.

Lakini nikuulize: tangi lako liko wapi? Likiwa kwenye korido lisikofika jua, samaki hupauka. Lisogeze penye mwanga wa mchana, si penye jua kali la dirishani, maana maji yatachemka na kugeuka kijani. Na chakula je? Mwili wa samaki hauwezi kujitengenezea ile rangi nyekundu, lazima aile. Mimi nanunua uduvi mkavu, nauloweka utoke chumvi, nautwanga, nawapa kiasi cha kushika kwa vidole viwili, mara mbili kwa wiki. Rangi iliyofifia hukolea. Ule mkia uliokwisha kuwa mweupe hautarudi, usije ukanilaumu.

Sasa tuje kwa yule wa madoa meusi, maana huyo ndiye anayenipa wasiwasi. Umetaja filta mpya kama vile ni jambo la kupita tu, kumbe barua yako yote iko hapo.

Samaki hutoa amonia, taka ya mwili wake, kupitia mashavu yake, na amonia humuunguza. Kwenye sponji ya filta huishi bakteria wanaoila amonia hiyo na kuigeuza kitu kisicho na ukali mkubwa. Ukitupa sponji ya zamani umewatupa na walinzi wako; wapya huchukua wiki kadhaa kujaa. Niliyafanya mimi haya, mwalimu mzima wa baiolojia! Nilichukua sponji, nikaifikicha chini ya bomba mpaka ikawa nyeupe kama pamba, nikajisifu. Klorini, ile dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya bomba, ilimaliza bakteria wote. Siku ya nne samaki walikuwa juu, midomo wazi, wanahema. Wiki ya pili mmoja akawa na pezi la mkia jeusi pembeni, kama limechovywa kwenye wino.

Weusi huo mara nyingi ni kovu: ngozi iliungua na sasa inapona. Kwangu ulikaa kama mwezi, ukafutika wenyewe. Wewe punguza chakula kwa nusu. Kila baada ya siku moja badilisha robo ya maji, kwa wiki mbili, ukitumia maji yaliyokaa kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini ipungue. Sponji isuuze kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, si bombani. Ukiona mishipa myekundu kwenye mapezi, usingoje zamu. Badilisha maji siku hiyo hiyo.

SWALI: Mwalimu, nilinunua samaki mweusi tii, mwenye macho ya kutokeza, pamoja na bakuli lake la duara. Baada ya miezi sita amegeuka rangi ya shaba. Muuzaji alimpaka rangi? – Kijana wa Mombasa

JIBU: Hakumpaka. Hao weusi wengi hupoteza weusi wakikua, kwanza tumboni, kisha ubavuni, na shaba au chungwa ikatokeza. Kwa rangi huna kesi. Ila samaki wa dhahabu akitunzwa huishi miaka kumi na kupita, na hukua kuliko kiganja chako. Huyo muuzaji kamdai kwa lile bakuli.