"Progress" si "many progresses": kosa linaanzia kwenye "mengi"

Msomaji wa Kisauni ametuandikia kwamba ripoti yake ya kazi ilirudishwa ikiwa na mstari mwekundu chini ya "many progresses", bila maelezo yoyote. Inauma, maana kosa hili lina chanzo, na mtu akionyeshwa chanzo halirudii.

Chanzo ni "maendeleo mengi". Tunalichukua "mengi" tunaligeuza "many", kisha nomino nayo tunaibandika wingi. Lakini maendeleo yako ngeli moja na maji, na hakuna anayehesabu maji mawili, maji matatu. "Progress" nayo haihesabiki. Usiweke "a" mbele wala "es" nyuma. Andika "a lot of progress" au "some progress", kwenye kukanusha na kuuliza, "much progress": "We have not made much progress."

Umeona "made"? Kitenzi chake ni "make", si "do". Neno lenyewe lina asili ya Kilatini, pro ikiwa mbele na gradi ikiwa kwenda kwa hatua, ndiyo maana "kupiga hatua" mara nyingi huifasiri vizuri kuliko "kuendelea". Baada yake, somo huchukua "in" (progress in maths), kazi huchukua "on" (progress on the report), lengo huchukua "towards".

Matamshi nayo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno la silabi mbili tunalikaza mwanzo: PRO-gress. Kwa nomino ni sawasawa. Kwa kitenzi ("to progress", kusonga mbele) ni kosa, sema pro-GRESS.

Kibao cha "work in progress" barabarani hakisemi kwamba kazi inakwenda vizuri. Kinasema haijaisha, basi. Kwenye ripoti, usiandike "in progress" ukidhani umesifu kazi yako. Taja kilichokamilika na kilichobaki.

Penye hatari hasa ni hospitali. "The patient is making good progress" ni habari njema: mgonjwa anapata nafuu. "The disease has progressed" ni kinyume chake: ugonjwa umezidi. Neno ni lile lile, na jamaa wanaweza kushangilia pasipostahili. Ukilikuta kwenye karatasi ya daktari, tazama kwanza kinachopiga hatua ni mgonjwa au ni ugonjwa.