Kuondoka kwa mchezaji hakupelekei kitu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaishi Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, na jamaa zangu wengi ni mashabiki wa timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Iowa State, kilichoko mjini Ames, kaskazini ya hapa kwetu. Kila tukikutana hufufuka mjadala wa Tyrese Hunter, pointi gadi (yaani mchezaji anayepandisha mpira) aliyetuacha mwaka 2022 akaenda Chuo Kikuu cha Texas. Katika kundi letu la simu niliandika hivi: "Tulimpoteza Hunter, akahamishwa Texas, na kuondoka kwake kukapelekea timu kushindwa vibaya msimu uliofuata." Mjomba wangu aliyeko Kigoma, ambaye hafuatilii kikapu, akauliza mazishi yalikuwa lini. Je, ni kosa kusema tumempoteza mtu aliye hai? Na je, mchezaji wa namna hiyo amehama, amehamia au amehamishwa? Mwisho, ile orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama vyuo, ambayo sisi huku tunaiita lango, haina jina bora zaidi?

JIBU: Marahaba. Mjomba wako hakukosea hata kidogo, naye anastahili kuombwa radhi. Msemaji wa Kiswahili aliyezoea lugha ya misibani akisikia "tulimpoteza fulani" hujiandaa kutoa rambirambi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ambayo maneno hayo yamekuwa yakifanya miaka yote. Hunter hakufa wala hakupotea. Kila mwenye televisheni alijua kwamba yuko Austin, kilipo chuo cha Texas, na kwamba amevaa jezi ya rangi ya machungwa. Isitoshe, kitenzi kupoteza humtwika lawama mwenye mali, kama anavyolaumiwa aliyepoteza funguo, na sidhani kwamba ulikusudia kumlaumu kocha T.J. Otzelberger kwa uzembe. Kiswahili kina maneno yanayotosha: "ametuhama", "ametuacha", na kwa mwenye uchungu zaidi, "ametukimbia". Kuna pia "tumeondokewa naye", ambalo nalo husikika misibani, ila halina ubaya kwa aliye hai endapo utataja alikokwenda. Hata hivyo kurasa za michezo zimeandika "kupoteza mchezaji" na hata "kupoteza mchezo" kwa muda mrefu kiasi kwamba nimekwisha kuchoka kuyapinga, na anayetaka kuyatumia ayatumie, mradi amwarifu mjomba mapema.

Kuhusu hama na wenzake, jibu ni fupi. Hama ni neno la Kibantu la asili, ambalo Wakikuyu na Wakamba wanalo kwa sura ya thama, na maana yake ni kutoka mahali ulipokuwa ukikaa. Hamia ni kauli yake ya kutendea, nayo huelekeza kule unakokwenda. Kwa hiyo Hunter amehama Iowa State na amehamia Texas, na anayesema "amehama Texas" amemgeuza njia. Kuhamishwa ni jambo la mwalimu wa shule ya msingi au askari polisi aliyepewa barua inayomtaka aripoti wilaya nyingine, apende asipende. Mchezaji wa chuo cha Marekani hapewi barua hiyo. Tangu Aprili 2021 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, kilimruhusu kuhama mara moja na kucheza papo hapo, pasipo kukaa nje msimu mzima kama walivyolazimika waliomtangulia, na mwaka 2024 hata hiyo "mara moja" ikaondolewa kwa mwenye maendeleo mazuri ya masomo. Uamuzi ni wake, na kitenzi kiwe chake. Hunter mwenyewe alihama tena mwaka 2024, kutoka Texas kwenda Memphis, wala hakuna aliyemhamisha.

Sasa nije kwenye neno ambalo hukuniuliza, na ambalo ndilo lililonifanya niichague barua yako kati ya zote zilizonifikia. Umeandika, bila haya, "kuondoka kwake kukapelekea timu kushindwa".

Peleka ni kuchukua kitu na kukifikisha mahali. Pelekea ni kauli ya kutendea ya neno hilo, na kauli hiyo, hapa kama ilivyo katika hamia, hudai kujua kitendo kinaelekea wapi au kinamfaa nani. Ukisema "mpelekee bibi dawa", kuna dawa inayopelekwa, kuna bibi anayepelekewa, na kuna mtoto anayetumwa ambaye angependa kubaki anacheza. Pande tatu zote zimetimia. Katika sentensi yako anayetumwa ni nani? Ni kuondoka. Mzigo ni nini? Ni kushindwa. Na mpokeaji ni timu, iliyokuwa imekaa kimya Ames ikisubiri kugongewa mlango. Yaani kuondoka, ambako kwa desturi yake kuko njiani kwenda mbali, kumerudi na kifurushi, kukauliza ofisi za Iowa State ziko wapi, kukakabidhi kushindwa na kutiwa saini ya mapokezi. Nami ningestahimili tamthilia hiyo yote kama sarufi yake ingekuwa nzima, lakini nayo haiko nzima. Weka mtu mahali pa timu uone: "kuondoka kwake kukapelekea kocha kushindwa". Msemaji yeyote angesema nampelekea kocha barua, wala hangesema napelekea kocha barua, kwa maana mtu anayetendewa hudai kiambishi chake ndani ya kitenzi. Wapenzi wa kupelekea hukiacha kiambishi hicho daima, na huo ni ushahidi kwamba wao wenyewe hawalitumii neno hili kwa maana ya Kiswahili. Wanatafsiri sentensi ya Kiingereza neno kwa neno, na kauli ya kutendea wameipachika mwishoni ili ionekane imevaa kanzu.

Magazetini hali ni mbaya zaidi, kwa maana huko ajali za barabarani "hupelekea vifo vya watu". Kila nisomapo hivyo hujiuliza vifo hivyo vilipelekwa wapi, na kama havingeweza kurudishwa vilikotoka.

Kosa hili lina madhara zaidi ya kuniudhi mimi, na mjadala wenu wa Iowa unalionyesha kuliko mfano wowote ambao ningeutunga. Mnabishana juu ya chanzo cha jambo, na mnabishana kwa kitenzi ambacho hakimlazimishi msemaji kuthibitisha chochote. Anayesema "kuondoka kwake kulisababisha kushindwa" amejifunga, na mwenzake ana haki ya kumdai ushahidi. Anayesema "kulipelekea" ametupa tu jambo moja karibu na jingine, kisha amekunja mikono.

Tuuangalie ushahidi wenyewe. Wanaoomboleza wana hoja nzito. Iowa State ilikuwa imemaliza msimu wa 2020–21 ikiwa imeshinda michezo 2 tu na kushindwa 22, na msimu uliofuata, Hunter akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayepandisha mpira na kuamua nani aupate, timu hiyo hiyo ikafika kumi na sita bora ya taifa. Katika mchezo wa kwanza wa mashindano ya taifa ya vyuo, Machi 2022, uliochezwa Milwaukee, si mbali na Racine alikokulia, kijana huyo alitumbukiza mitupo 7 ya pointi tatu na kufunga pointi 23 kati ya 59 za timu yake, na wapinzani wao, Chuo Kikuu cha Louisiana State (LSU), wakarudi nyumbani na 54 zao. Ukiondokewa na mtu wa namna hiyo una haki ya kununa. Na Machi 2023 ilipofika, Iowa State ikatolewa na Pittsburgh katika mchezo wake wa kwanza, 59 kwa 41, huku Texas ya Hunter ikiendelea hadi nane bora. Pointi 41 ni chache, sikatai, na mwombolezaji akizitaja hukohoa kidogo kwanza ili msikilizaji azihesabu vizuri.

Lakini wapinzani wao nao wana la kusema. Januari ya mwaka huo huo Hunter alirudi Ames na jezi ya Texas, mashabiki wa ukumbi wa Hilton hawakumpokea kwa vifijo, na wenyeji wakashinda kwa 78 dhidi ya 67. Mahali pake alisimama Tamin Lipsey, kijana aliyezaliwa na kulelewa hapo hapo Ames. Mwanzoni mwa Machi mfungaji hodari wa pointi tatu, Caleb Grill, aliachana na timu, wiki mbili hivi kabla ya mashindano ya taifa, ambayo timu iliyaingia bila mitupo yake. Sasa zile pointi 41 zililetwa na nani: na aliyeondoka mwaka mmoja kabla, au na aliyeondoka mwezi ule ule? Mwaka 2024 Lipsey na wenzake walitwaa ubingwa wa mashindano ya kanda ya Big 12 kwa kuwafunga Houston 69 kwa 41, na hapo sikusikia mtu akisema kwamba kuondoka kwa Hunter kumepelekea ubingwa, ingawa kwa kanuni ya kitenzi chenu ilikuwa halali kabisa kusema hivyo.

Wenzao wa kanda ya Big 12, Chuo Kikuu cha Kansas State, wana mfano mkali zaidi. Masika ileile ya 2022 waliondokewa na Nijel Pack, aliyehamia Miami, na mkataba wake wa matangazo wa dola 800,000 kwa miaka miwili ukatangazwa hadharani, jambo lililowapa mashabiki wa vyuo vyote sababu mpya ya kusaga meno. Msimu uliofuata Kansas State hao hao walifika nane bora, na pointi gadi wao Markquis Nowell akatoa asisti (pasi za kufungisha) 19 katika mchezo mmoja dhidi ya Michigan State, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa na yeyote katika mashindano hayo. Kuondoka kwa Pack kulipelekea nini basi? Jaza unachotaka, kupelekea hakitakukatalia.

Na kwa kuwa nimo humu ndani, niseme jambo moja linaloniudhi katika malalamiko ya Ames. Mfungaji mkuu wa timu ile ya 2022, Izaiah Brockington, alikuwa amehama Penn State mwaka mmoja kabla. Alipokuja, watu walisema "tumempata". Hakuna aliyeuliza Penn State wamepelekewa nini.

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kwamba lugha hukua, kwamba kupelekea kimo bungeni, kimo redioni na kimo katika tasnifu za vyuo vikuu, na kwamba mimi ninapigana na mafuriko kwa kata. Huenda ni kweli. Nimekwisha kukikuta kitenzi hiki mpaka katika barua ya kunialika kutoa mhadhara juu ya Kiswahili sanifu, nami nikaenda, na chai ilikuwa nzuri. Lakini lugha inayokua huongeza neno pale lilipokosekana, na hapa halikukosekana. Kama una hakika, sema "kuondoka kwake kulisababisha kushindwa", au "kulileta". Kama una uchungu, sema "kuliiponza timu", kitenzi kitamu ambacho vijana wa siku hizi wamekiacha kichumbani kipate vumbi. Kama hasara yenyewe ndiyo unayoitaja, sema "kuliigharimu timu". Kama unakiri kwamba na Grill alihusika, sema "kulichangia". Na kama hujui, lakini ungependa wenzako wadhani unajua, "tangu aondoke, timu imeshindwa" ni sentensi ya kweli isiyomdhulumu mtu. Kwa maoni yangu, kwa ushahidi uliopo, sentensi yako ilitakiwa kuwa: "Hunter alituhama, akahamia Texas, na huenda kuondoka kwake kulichangia kushindwa kwetu na Pittsburgh." Haina kishindo, nakiri, na katika kundi la simu la mashabiki pengine haitajibiwa na mtu.

Limebaki lango. Kitu chenyewe, kilichoanzishwa na NCAA Oktoba 2018, ni orodha ya kompyuta: mchezaji huarifu chuo chake kwamba anataka kuhama, ofisa wa chuo hupewa siku mbili za kazi kuliingiza jina lake, na makocha wa vyuo vingine wakishaliona huruhusiwa kumpigia simu. Hakuna anayepita popote, kwa hiyo mimi ningeliita daftari la wanaohama. Lakini lango ni neno letu, ni fupi, na sitakesha kwa ajili yake. Angalia tu kwamba mchezaji anaweza kubadili nia akaomba jina lake liondolewe, na kocha wake akikubali kumpokea tena, abaki chuoni kwake. Kwenye daftari jina hufutwa, basi. Kwenye lango itabidi ueleze jinsi alivyotoka na kurudi bila kuinuka kitini.