Kaboni Haikuibiwa

Juzi nimemkuta kijana wa mafunzo kwa vitendo anamwaga kaboni mpya, ule mkaa maalumu wa kunasa dhahabu, kutoka kwenye mfuko moja kwa moja hadi kwenye kolamu, tangi ambamo maji yenye dhahabu hupita kwenye kaboni. Nikameza maneno, maana mimi nimewahi kufanya makubwa zaidi. Basi wadogo zangu mnaoanza uchenjuaji wa dhahabu, shikeni haya.

1. Kaboni mpya ioshwe na kuchekechwa kwanza. Ule unga mweusi hukamata dhahabu vizuri tu, kisha hupenya chekeche na kwenda nayo kwenye marudio, yaani mabaki ya kutupwa.

2. pH ya maji, yenye sayanidi ya kuyeyushia dhahabu, isishuke chini ya 10.5, yasije yakatoa gesi ya sumu. Chokaa ni nafuu kuliko jeneza.

3. Mpangilio wa kolamu. Hapa nikae kidogo. Maji yenye dhahabu huingilia ya 1 na kutokea ya 3. Kaboni husafiri kinyume, mpya ikianzia ya 3, iliyoshiba ikitolewa ya 1. Chuoni nilichora grafu ya Langmuir, ya jinsi kaboni na maji vinavyogawana dhahabu, nikapata alama zote. Wiki yangu ya tatu kazini nikafunga mipira ya maji kinyume: maji yakaanzia kwenye kaboni mpya, yakamalizia kwenye iliyoshiba.

Majibu ya maabara yakaja: kaboni iliyoshiba, ya gramu 2,100 za dhahabu kwa tani, imeshuka hadi 1,700. Kemia sikuiwaza, nilimwaza mlinzi. Mzee wa watu, kila asubuhi tunakunywa naye chai, nikampeleka kwa meneja. Akapekuliwa mbele ya watu wote, hadi hotipoti yake ikafunuliwa. Ugali na dagaa.

Siku ya tatu fundi wa elusheni, yule wa kuitoa dhahabu kwenye kaboni, akachota chupa mbili: maji yanayoingia kolamu ya mwisho, na yanayotoka. Yanayotoka yalikuwa na dhahabu zaidi! Kaboni iliyoshiba, ukiipitishia maji yaliyokwisha dhahabu, hurudisha ilichobeba kutafuta msawazo, na sayanidi ikizidi ndiyo huachia zaidi. Mali ilikuwa kwenye bwawa la maji yanayotoka kolamuni, hatua chache kutoka kibanda cha mlinzi.

Nilikwenda kumwomba radhi. "Nimekusikia, injinia," akasema, akaendelea kuandika namba za magari. Shikamoo yangu aliitikia hadi alipostaafu. Chai hatukunywa tena.

4. Kila kolamu iandikwe namba na ichorwe mshale wa maji, kwa rangi ya mafuta. Yule kijana wa juzi nimeshampa brashi.